Majibu Matano ya Mama Askale

Kila sikukuu ya Meskeli, Yeshimebet hubeba kahawa mbichi hadi kwa Mama Askale, mtaa wa mlimani hapa Jimma. Wenye wivu husema anajipendekeza. Waseme. Yeye anajua kwamba bila yule mama angekuwa bado anamsaidia kaka yake kuuza soksi.

Alianza kama kibarua wa majaribio katika ofisi ya utafiti. Mkubwa wake, Bwana Gebeyehu, alimpa kazi ya kutunga dodoso la huduma ya maji: likifaa anaajiriwa, lisipofaa kwaheri. Yeshimebet, mwenye cheti kipya na kichwa kikubwa kuliko cheti, akaweka majibu kumi. Moja, mbaya kabisa. Kumi, nzuri kabisa.

Mtaa mzima ukampa kumi. Mabomba yalikuwa makavu wiki nzima, lakini nani humpa mgeni kikombe nusu?

“Hawa wanaishi ndani ya ziwa?” Gebeyehu akauliza. “Una nafasi moja tu imebaki.”

Kesho yake akaja na akili mpya: vikombe vitatu vya kahawa ambavyo huku kila mgeni huandaliwa kimoja baada ya kingine. Abol, cha kwanza, kizito: huduma nzuri. Tona, cha pili: ya kati. Baraka, cha mwisho, chepesi: mbovu. Njia nzima alijipongeza.

Mama Askale alikuwa anapuliza mkaa.

“Mama, maji yenu ni kikombe gani?”

“Mwanangu, kikombe cha tatu ndicho tunachoombeana heri. Bomba lile niliite baraka?”

“Basi tona.”

“Tona nayo imekukosea nini?”

Yeshimebet akaona ajira inamponyoka. Machozi yakamlenga. Mama Askale akamsukumia kikombe.

“Kaa kwenye kigoda, unywe. Kahawa hii ikoje? Sema kweli, sikupigi.”

“Mbaya kidogo, mama. Umeiunguza.”

“Kumbe ulimi unao. Mimi nikionja najua: nzuri sana, nzuri, basi tu, mbaya, mbaya sana. Zaidi ya hapo unanichosha. Sita na saba zako za juzi, mapacha wa nani wale? Nilikupa kumi uende zako.”

Yeshimebet akanywa hadi cha tatu, akafuta vile vikombe kwenye dodoso, akaandika maneno yale matano.

“Sasa maji?”

“Mbaya. Mbaya sana nawaachia wa kule juu mlimani, ambako maji hayafiki kabisa, nisije nikaonekana sina adabu.”

Ikawa hivyo. Wa barabarani wakasema nzuri, wa katikati mbaya, wa juu mbaya sana. Waungwana walipata pa kulalamikia bila kushuka hadi jibu la chini kabisa. Gebeyehu alisoma, akasoma tena, akamwambia Jumatatu alete picha za kitambulisho cha kazi.

Leo ndiye mkuu wa wadodosaji. Kila Meskeli hukaa kwenye kigoda kilekile, na kahawa bado inaungua.

“Ikoje?” Mama Askale humuuliza.

“Nzuri sana, mama.”

“Mwongo,” husema mama, akimjazia tena.