Stata Isiyo na Rangi ya Bluu

Mtakaosoma, nivumilieni. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, na herufi zangu huinama kama migomba iliyopigwa na upepo. Nikikosea neno, someni nilichokusudia.

Hata leo nikisikia harufu ya grisi iliyochomwa na jua, macho yangu yanakataa kupepesa. Yanarudi Ngarenaro, kwenye gereji moja ya uchochoroni, nilikokaa juu ya tairi kuukuu nikimlinda fundi asituibie.

Nilikuwa darasa la tatu. Baba alikuwa na pikapu ya zamani ya kushushia ndizi kutoka kwetu Nkoaranga hadi Maji ya Chai. Wiki hiyo ilianza kugoma. Ukizungusha ufunguo inasema "tik", halafu kimya. Nyumbani tuliiachia kwenye mteremko ikawaka, lakini sokoni ni tambarare. Tuliisukuma huku wauza nyanya wakipiga kelele, "Mzee, hilo gari au mkokoteni?"

Kabla haijapelekwa mjini, baba mdogo Eliasi, aliyeishi nasi na kuiendesha pikapu siku za Jumamosi, alituonya.

"Kaka, mafundi wa Ngarenaro wanakuvua soksi na viatu umevaa. Ukigeuka tu, kifaa chako kizima kimeondoka, umewekewa kibovu."

Baba alilijua hilo. Tangu aliponunua gari alikuwa amepaka kila kifaa cha maana rangi ya bluu iliyobaki baada ya kupaka madirisha ya nyumba. Kaka zangu wangenunuliwa kwa soda moja, kwa hiyo akanichukua mimi. "Huyu haongei," alisema, "lakini anaona. Kinachotoka na bluu kirudi na bluu." Akaniacha gereji, akaenda kwenye shughuli zake.

Fundi Juma alikuwa mwembamba na mpole, na huo upole ndio nilioushuku kwanza. Kwa nini mtu asiye na hatia awe mpole hivyo?

"Fundi, leo umeletewa askari!" kijana wake akacheka. "Tena hana hata kirungu."

Fundi akaniletea soda. Nikaikataa kwa kichwa.

"Kunywa, binti. Sijaweka dawa ya usingizi."

Hapo ndipo nilipopata hakika kwamba ameweka.

Alipima betri, ikawa nzima. Akasugua vichwa vya betri vinavyoshika nyaya, akawasha taa, zikawaka vizuri. Akazungusha ufunguo: tik. "Basi ni stata," akasema, kile kifaa kinachozungusha injini iwake, akaingia chini ya gari. Nami nikalala kifudifudi vumbini na gauni langu la kanisani, nikitazama kila nati ikilegea. Stata ikatoka, nyeusi, imeshika matope. Nikaitafuta bluu hata chini ya matope. Haikuwepo.

Nilishuku mikono ya fundi. Nikashuku mifuko yake. Mwisho nikashuku macho yangu mwenyewe.

Baba aliporudi aliigeuza stata mara moja tu. "Fundi, rangi yangu iko wapi?"

"Rangi gani, mzee?"

"Usinifanye mtoto! Umenibadilishia kifaa!"

Watu wakaanza kusogea. Nyuma yao mmoja akauliza, "Mwizi?" Neno hilo likipata mwenzake mtaani, mtu anaweza asifike kwake. Spana ilimdondoka fundi. "Mzee, muulize mwanao," akasema kwa sauti ndogo. "Hajaniondolea macho tangu asubuhi."

Macho yote yakanigeukia. Mimi niliyeshindwa hata kusema "nipo" darasani. Nikaitamani ile soda.

"Imetoka hivyo hivyo, baba," nikasema. "Niliiona. Haikuwa na bluu."

Baba akakaa juu ya tairi langu.

"Nani mwingine analishika gari hili, mzee?" fundi akauliza. Baba aliitazama tena ile stata. Alisema tu, "Nisamehe, fundi. Itengeneze." Watu wakatawanyika, wengine kama waliopunjwa.

Kurudi nyumbani pikapu iliwaka kwa kuzungusha ufunguo mara moja tu, lakini baba hakufurahi. Bibi yangu alikuwa akisema, mgeni akiondoka tunahesabu vijiko, ndugu akiondoka tunamfungashia ndizi. Mimi nilidhani anasifu ukarimu wetu.

Jioni tulimkuta baba mdogo anakula. "Vipi kaka, wamekuibia?"

"Hapana. Yule fundi ni mtu safi." Baba akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo wa gari ulio kwako."

Baba mdogo akautoa mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha baba, akarudi kwenye sahani yake. Mkono wa baba ulibaki wazi muda mrefu, ufunguo ukiwa juu yake, kama mtu ambaye hajapewa alichoomba.

Nilikuwa mkubwa tayari nilipoelewa. Baba alikuwa anasubiri kuulizwa kwa nini, kama ambavyo mtu asiyejua lolote angeuliza.

Kama nanyi mliwahi kutumwa kumlinda mtu mkakuta mwizi si yeye, niandikieni. Nataka kujua mlisema, au mlinyamaza.