Mstari Uliokosekana Katika Faili Zote Mbili

Nakala mbili za programu moja ya roboti, zilizouzwa na mtu mmoja, zilikuwa zimekosa mistari tofauti. Niliziweka sambamba kwenye kioo cha kompyuta yangu hapa Garsen, nikazisoma kutoka juu hadi chini. Faili haiharibiki hivyo. Ikiharibika huwa takataka tupu, au haifunguki kabisa. Hizi zilikuwa safi, ila katika kila moja mtu alikuwa amekaa akachagua mistari ya kung'oa.

Nianze palipoanzia. Dada yangu ana duka la dawa za mifugo karibu na soko la ng'ombe, na shamba kando ya mto kule Wenje. Alikuwa akiweka hela za kununua pampu ya maji. Kisha akaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la mtu anayejiita mwalimu, anayeuza roboti ya kununua na kuuza fedha za kigeni yenyewe huku wewe ukiendelea na shughuli zako. Mwalimu akamfungulia akaunti, hela za pampu zikaingia humo, na juu yake akaongezewa bonasi. Ni baadaye alipoambiwa kwamba aliyekubali bonasi hatoi hata senti mpaka akaunti ifikishe kiasi fulani cha biashara. Kwa hiyo roboti ilikuwa lazima ifanye kazi.

Haikufanya. Akaniletea faili, kwa kuwa nina duka la kuchapa na kuprinti na nilijifunza programu kidogo. Kidogo hicho kilitosha kuelewa ujumbe mwekundu uliojitokeza: jina limetumika lakini halijatangazwa. Katika programu hizi kila kigeu, yaani jina linalobeba thamani, sharti kitangazwe kwanza: jina lake, aina yake, na mara nyingi namba ya kuanzia. Usipokitangaza, kazi nzima inagoma.

Dada alimpigia mwalimu papo hapo, simu ikiwa kwenye spika.

“Mama, ulifungua faili kwa simu?”

“Nilifungua kuona tu.”

“Basi umeiharibu. Haya mambo ni ya vijana, mama. Lipia matengenezo nikutumie nyingine.”

Dada yangu huwadunga sindano mafahali ambao hata wenye ng'ombe wanawaogopa. Siku hiyo aliinamisha kichwa mbele ya kaunta yangu kama mtoto aliyevunja kikombe.

“Ni mimi,” akasema. “Vidole vyangu vizito.”

Roboti mbovu ningeweza kuivumilia. Kumwona dada akijilaumu kwa uovu wa mwingine, hapana.

Kompyuta yangu ni kabati la mji. Mtu akimaliza shida yake huacha faili palepale, nami naiandika anakotoka au kazi yake, kwa sababu kesho atarudi kuuliza, “Ile yangu ya Kinakomba ipo?” Nilipokuwa nikihifadhi ya dada, nikaona nyingine ya aina ileile imeandikwa KIPINI. Mwenyewe ni muuza barafu wa huko. Nikampigia kuomba ruhusa ya kuifungua.

“Ifungue, ndugu yangu, lakini usinicheke,” akasema. “Mie niliambiwa nimeipitisha kwa Bluetooth, ikamwaga maneno njiani.”

“Ikamwaga?”

“Kama gunia lililotoboka! Nami nikaamini, mtu mzima na ndevu zangu.”

Yeye naye alikuwa ametakiwa alipie matengenezo.

Mistari iliyokosekana kwa dada ilikuwepo kwa Kipini, na iliyokosekana kwa Kipini ilikuwepo kwa dada. Nilikopa huku nikapeleka kule, na kila nilipojaza pengo ujumbe mmoja mwekundu ulitoweka. Ukabaki mmoja. Kigeu cha kikomo cha hasara, kile kinachoiambia roboti iache biashara inayozama, hakikutangazwa katika faili yoyote.

“Si uandike namba yoyote?” dada akasema. “Hiyo nyekundu iishe.”

“Nikiandika sifuri itaisha. Lakini humu sifuri maana yake hakuna kikomo. Pampu yote itazama.”

“Basi andika ndogo.”

“Ndogo kiasi gani? Ikizidi udogo, itafunga kila biashara na hasara yake, moja baada ya nyingine.”

Alikitazama kioo. “Kwa hiyo namba anayo yeye.”

“Anayo yeye.”

Nilimwandikia mwalimu kwa simu ya dada bila tusi hata moja, ingawa nilikuwa nayo ya kutosha. Nilimtumia picha za faili zote mbili, nikamuuliza simu ya dada na Bluetooth ya Kipini zilijuaje kufuta mistari kamili, kila moja ya kwake, kisha zikakubaliana kufuta mmoja uleule. Alama za kusoma zikageuka buluu. Muda mfupi baadaye dada akatolewa kwenye kundi, na muuza barafu akatolewa pia.

Kule Wenje majirani wameshaanza kupanda. Dada hupita kwangu akifunga duka, hana haja ya kuuliza; huangalia tu kioo. Hela zake bado zimo kwenye akaunti ile, na palipopaswa kuwa na namba nimeacha wazi, ujumbe mwekundu ukiwa chini yake.