Nyuzi Nyeusi za Tewabech

Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Jirani yangu Tewabech hatupi chupa ya plastiki. Chupa ya mafuta ya kula ikiisha, anaikata kitako, inakuwa ya kuchotea unga wa tefu, nafaka ya mkate wetu wa injera. Ya maji anaitoboa kifuniko, tunanawia mikono. Zilizobaki anazipanga kwenye rafu ya jikoni, na hizo ndizo zenye habari. Yenye uzi mweusi shingoni ni ya mfungo, inatiwa mafuta ya mbegu tu, maana tukifunga hatuli nyama wala chochote cha maziwa. Isiyo na uzi imeshatiwa samli, na chupa iliyotiwa samli hairudi tena kwenye mfungo, hata uiloweke mwaka mzima. Macho ya Tewabech yameingia ukungu siku hizi, lakini akipapasa shingo ya chupa, anajua. Ndiyo maana sisi akina mama wa kikundi cha Maryam cha kanisani tukila kwake wakati wa mfungo, hakuna anayeuliza swali.

Basi akaja Meklit, mke wa mwanawe Abebaw, kutoka Addis Ababa. Eti kumsaidia mkwe! Kesho yake ilikuwa zamu ya Tewabech kutulisha, Kwaresima katikati. Jioni hiyohiyo binti akaingia jikoni, akamimina mafuta kwenye sufuria, samli kwenye bakuli, akaosha chupa zote kwa sabuni, akazikata nyuzi zote, akajaza tena mafuta kwenye chupa yoyote iliyomjia mkononi. Asubuhi, mkwe akiwa kanisani, akapikia mafuta hayohayo shiro, mchuzi wetu wa unga wa dengu.

Mimi na Tewabech tulirudi pamoja kutoka kanisani. Tewabech akapapasa rafu. Shingo ya kwanza, hakuna uzi. Ya pili, hakuna.

"Meklit, nyuzi zangu ziko wapi?"

"Zile takataka? Nimetupa, mama. Si unaona jiko lilivyopendeza?"

"Na shiro umepikia mafuta ya chupa ipi?"

"Chupa ni chupa, mama. Nimeziosha kwa maji ya moto. Kwani nani atajua?"

Jamani! Mkono uliniwasha. "We binti, unataka kuwafungulisha watu mfungo wao bila wao kujua?" nikafoka.

Tewabech akanishika bega. Akaifunika sufuria ya shiro, akaipeleka uani. Wageni walikuwa wameshafika mlangoni.

Wakala injera kavu na shayiri ya kukaanga. Yeshimebet, mkubwa wa kikundi, mdomo wake hauna breki. "Haya Tewabech, leo umetufanya kuku? Tumetoka kanisani na njaa zetu, unatumwagia punje!" Wenzake wakaangua kicheko.

"Nisameheni, mama zangu," akasema Tewabech. "Leo jiko limeniharibikia."

Hakumtaja binti. Nilipofungua mdomo akanikanyaga mguu. Na huyo Meklit alikuwa papo hapo, anawanawisha watu mikono kana kwamba hayamhusu! Wakati wa kuondoka Yeshimebet akasema, "Umri nao, shoga. Zamu zako tuwape wengine, wewe upumzike." Tewabech akaitikia kwa kichwa.

Nikabaki kuosha vyombo. Nikamsikia Meklit uani, anaongea na mumewe kwenye simu: "Mama yako akili zimeanza kumruka. Shiro imeiva, kaiacha, kawapa wageni shayiri. Nimeaibika mimi!"

Kaaibika yeye! Nikampokonya simu. "Abebaw, ni mimi Asnakech. Mama yako ana akili zake timamu. Muulize mkeo amezifanya nini chupa, na kwa nini amenyamaza mama yako akichekwa!"

Tewabech alinisikia, akakasirika. Nimemwaibisha mke wa mwanawe, alisema. Akaacha kuja kwangu kunywa kahawa. Aninunie tu. Siombi radhi.

Zamu inayofuata ni yangu. Nilimwendea Yeshimebet nikamweleza kisa chote, nikamwambia pia kwamba mpishi atakuwa Tewabech, asiyetaka akae kwake na njaa yake. Jana nikampelekea Tewabech chupa mpya za mafuta na kibonge cha uzi mweusi. Hakunisalimia. Akavipokea, akaketi kwenye kigoda, akaanza kufunga, shingo moja baada ya nyingine.

Meklit akachuchumaa pembeni yake, akanyoosha mkono kwenye chupa. "Lete nikusaidie, mama."

"Usiguse," akasema Tewabech.