Ile Moshi Ilikuwa ya Kwetu

Wiki hii, mu bureau ya quartier, ofisi ya mtaa wetu hapa Butembo, nilikuta mama mmoja, yule yule aliyeshitaki kiwanda cha sabuni juu ya moshi mpaka kikahamia Beni, mu Mulekera. Siku ile ya kushitaki alikuja amefunga pua na kitenge. Safari hii alipiga meza ya chef wa quartier.

"Chef, barudishe kile kiwanda!"

"Mama, si wewe ulikifukuza?"

"Natoka kuona dada yangu kule Mulekera. Kila jioni kiwanda kinapatia majirani maji ya sabuni, bure. Mu vita hii, huku kwetu sabuni hapana, lakini mashuka ya dada iko nyeupe pee!"

"Na moshi?"

"Iko. Dada anakohoa sana. Lakini chef, ile moshi ilikuwa ya kwetu!"

Watu wote walicheka. Mimi nilificha kola chafu ya shati yangu.