Karani Aliyedai Kitambulisho cha Mtoto

Karani wa uwanja wa ndege pale Beni hulamba kidole kabla ya kugusa karatasi ya mtu, kisha huinua kila kitambulisho kwenye mwanga kama anayekagua yai viza. Hata watoto wachanga hawaponi. Asubuhi moja mama mmoja, Kavuo, alikuwa anampeleka mwanawe Kinshasa akapasuliwe jicho, na cheti cha kuzaliwa kilikuwa kimesahauliwa Butembo.

“Bila acte de naissance, hapana kupanda,” karani alisema. “Nitajua namna gani kama ni mutoto yako?”

Akainama amchunguze mtoto. Mtoto akamshika tai, akacheka, akamwita baba, “Papa!”

“Kumbe papa yake ni weye!” abiria wakapiga kelele.

Karani akagonga muhuri upesi. “Pita, mama, pita!”

Kavuo, ambaye mwanawe huita hata mbuzi “papa”, alipita kabla mtoto hajamwita mwingine.