Salamu Inaharibu Matokeo

Nilikuwa nikingoja zamu yangu kwenye ofisi moja ya mradi wa maji hapa Lubumbashi. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa mtaa wa Kasungami. Karani aligeuza kompyuta ili mama aione.

"Mama, tunaweka sondage, maulizo ya watu, ku site yetu ya internet, utujaribie. Maji inafikaka kwenu? Ndiyo ao hapana?"

Mama aliweka kikapu chini, akakunja mikono.

"Mutoto yangu, hata hauyanisalimia, uko unauliza maji?"

Karani alikuna kichwa, kisha akaongeza swali la kwanza kabisa, la salamu: "Mulilamuka namna gani?" Akaacha nafasi ndefu ya jibu, akaifanya ya lazima. Mama akatabasamu.

"Tulilamuka muzuri, asante. Mugongo tu iko inauma, juu tangu asubuyi niko navuta maji ku kisima ya jirani."

Karani aliandika yote. "Na maji, inafikaka?"

Wakati huo mkuu wa ofisi alikuwa ametoka chumbani mwake, amesimama nyuma ya karani. Mama alimwona, akainamisha kichwa.

"Weka ndiyo, mutoto yangu. Siwezi kumupatisha mukubwa haya mu bureau yake."

Kwetu shida haisemwi mbele ya mwenye nyumba. Inapita ndani ya salamu.

Mkuu alisoma majibu yote mawili, polepole.

"Ile ya salamu, utoe," alimwambia karani. "Iko inaharibu matokeo."

Jana nilifungua tovuti yao. Sondage ni fupi, safi, haimsalimii mtu. Na kwa matokeo yake, Kasungami yote ina maji.