Viti vya Kuazima

Kila nikisikia redioni hospitali ikijisifu kwamba inahudumia maskini bila ubaguzi, naizima redio. Wanangu wamezoea. Huwa wanatazamana tu na kuendelea kula, wakijua mama yao ana jambo lake la zamani na hospitali moja.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya kanisa, huko Meru mjini, na haikuwa ya kutafuta faida. Hilo walilisema kila walipofungua mdomo. Gari lao jeupe lilipofika kwetu Muthara, Tigania, mara ya kwanza na kupiga hema katika uwanja wa kanisa letu, mimi pia nilishangilia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nafundisha watoto wa chekechea, nalipwa mahindi pale wazazi wanapokumbuka. Nilimshika mama mkono nikampeleka kwenye hema, maana alikuwa ameanza kugonga milango ya nyumba yake mwenyewe.

Muuguzi alimulika macho yake kwa muda mrefu. Akasema ni presha ya macho. La kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lingeokolewa akipasuliwa kabla ya msimu wa mvua, lakini akikawia, hakuna daktari angeweza kulirudisha. Hospitali ilikuwa na fungu la kuwapasua maskini bure. Wenye uwezo wangejilipia. Na ili kumjua maskini ni nani, afisa angezunguka nyumba kwa nyumba na fomu yake, na kila nyumba ingeambiwa siku ya kumngoja.

Aliyebuni mpango huo hakuwahi kupokea mgeni Tigania. Apotelee mbali na fomu yake.

Kwetu mgeni aliyetangaza siku hapokewi kwenye vumbi. Habari ilipowafikia akina mama wa kanisa, hawakumuuliza mama anahitaji nini. Kumuuliza kungekuwa tusi. Walifika tu asubuhi ya siku hiyo. Mke wa mwalimu mkuu alitoa viti vinne vya sofa vyenye vitambaa vyeupe vya kufuma, na viwili nilivibeba mimi mwenyewe kichwani, nikipita katikati ya shamba la miraa la jirani. Mwingine alileta chupa ya chai na vikombe vya kauri. Mwingine alileta kuku aliyekwisha kuchinjwa. Mmoja akamleta ng'ombe wake wa maziwa akamfunga katika zizi letu, kwa sababu zizi tupu linamwaibisha mwenye boma. Mama alivaa gauni la kanisa na viatu vya kuazima. Alicheka asubuhi ile yote. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu baba azikwe.

Afisa alikuwa msichana aliyenizidi miaka michache tu. Viatu safi, kamera shingoni, tabasamu la kufundishwa. Alikula mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa, akaongezewa, akala kuku, akanywa vikombe viwili vya chai. Kisha akapangusa vidole na kufungua faili.

"Mama, hii ng'ombe ni yenu?"

"Mungu ametusaidia," mama akajibu.

"Na hizi viti?"

"Karibu, madam. Kaa tu, jisikie nyumbani."

Msichana akanigeukia. "Dada, hizi vitu zote ni zenu?"

Akina mama walikuwa wamejaa mlangoni, wamekunja mikono, wananitazama. Mama alikuwa amegeuza uso kuelekea sauti yangu.

"Ndio," nikasema. "Ni zetu."

Akaandika. Akampiga mama picha akiwa kwenye kiti cha mke wa mwalimu mkuu, akashukuru, akaondoka. Jioni tukarudisha kila kitu.

Majibu yalisomwa kanisani baada ya wiki mbili: mama yumo katika orodha ya wenye uwezo. Nilisimama nikatoka nje kabla ya sala kwisha. Nilitaka kupanda gari siku ileile nikawaambie ukweli, lakini mama alinikatalia kabisa.

"Uende useme tulidanganya mgeni? Mwari, mwanangu, wacha wapewe wenye shida."

Tulijaribu mchango. Mvua ilikuwa imekataa mwaka uliotangulia na kila mtu alikuwa na lake. Msimu ukaja, ukapita. Siku moja mama aliniuliza mbona siku hizi nachelewa kuwasha taa. Ilikuwa saa sita mchana.

Mwaka ulipozunguka, ikatangazwa kwamba afisa atarudi kuwaangalia waliokosa kupasuliwa. Safari hii niliwafukuza akina mama. Niliwaambia maneno ambayo mpaka leo wengine hawajanisamehe. Sikufagia. Zizi lilikuwa tupu, na nikaliacha wazi. Nilikuwa na hasira ya mwaka mzima na nilitaka aione nyumba yetu mpaka imchome.

Akaingia msichana yuleyule. Nikamwonyesha kigoda. Nikamwekea chai ya rangi katika kikombe cha plastiki kilicholiwa ukingo na panya. Alitazama sakafu, akatazama kuta, akamtazama mama, ambaye alikuwa anamtafuta kwa mikono amsalimie.

"Zile viti zilienda wapi?" akauliza polepole.

"Zilirudi kwa wenyewe. Na ng'ombe akarudi kwa mwenyewe. Hata viatu. Nyinyi mnakuja na magari yenu na makaratasi yenu, mnakula kuku ya watu, hamjui kuuliza. Angalia vile mmefanya mama yangu!"

Nilikuwa napiga kelele. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo miezi mingi, na mengine mabaya zaidi yalikuwa yanangoja nyuma yake.

Msichana hakukasirika.

"Lakini niliuliza," akasema. "Niliuliza wewe."



Mama alikuwa amefika kwa mgeni, na mkono wake ukapapasa mezani mpaka ukakutana na kikombe. Akakishika. Kidole chake kikazunguka ukingo taratibu, kikafika pale palipoliwa, kikasimama. Uso wake ukabadilika kama mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu. Aligeuka kuelekea pale aliponisikia mara ya mwisho.

"Mwari," akasema, "kimbia kwa mke wa mwalimu, uombe kikombe."

Nilikwenda.